Kuku wa Malawi ni yupi hasa?

Kila anayefuga kuku siku hizi ameshakutana na tangazo lake: vifaranga wa Malawi, orijino, mayai 300 kwa mwaka, hawaugui ovyo, wanajitafutia wenyewe. Picha huwa ya mtetea mweusi anayeng'aa, upanga mwekundu kichwani, kando ya trei lililojaa mayai. Miezi sita baadaye makundi yaleyale ya wafugaji yanajaa malalamiko. Mmoja kuku wake wanataga, tena vizuri. Mwingine, aliyenunua kwa muuzaji yuleyule, anaokota mayai mawili kwa kuku kumi. Wa tatu anaapa kwamba hao si Malawi, ni kienyeji waliopewa jina la kuuzia. Wa nne anauliza swali ambalo huwa linapita bila jibu: kwani kuku wa Malawi ni yupi hasa?

Jibu fupi ni hili. Kuku anayeitwa wa Malawi hapa Tanzania ni Black Australorp, kuku aliyezaliwa Australia na kupata umaarufu wake wa Kiafrika kupitia Malawi. Ni aina ya zamani, imetimiza miaka mia, na kilichoitangaza duniani ni mayai. Tatizo ni kwamba tangazo linauza vitu vitatu kwa jina moja: aina ya kuku, rangi ya manyoya na mayai kwenye trei. Mnunuzi anaviona vyote kwenye picha moja, halafu anapeleka nyumbani kimojawapo tu, mara nyingi rangi.

Kabla ya kwenda mbali, tuwekane sawa kwenye majina manne ambayo watu huyachanganya.

Kuku wa kienyeji, au wa asili, hakuchaguliwa na mtu kwa ajili ya kazi moja. Amechujwa na mwewe, njaa, ugonjwa wa mdondo na jua. Humo ndani wamo kuchi mrefu wa miguu mikavu, kishingo asiye na manyoya shingoni, kidimu mwenye manyoya yaliyosimama, bukini asiye na mkia, na wengine wengi. Wastani wake ni mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, na wengi humwita mvivu kwa sababu hiyo. Si mvivu hata kidogo. Anataga mayai 10 hadi 15, anaatamia siku 21, kisha anatembea na vifaranga wiki kadhaa kabla ya kurudi kiotani. Piga hesabu uone mwaka unampitia kwenye nini: sehemu kubwa yuko kwenye malezi.

Kuku wa kisasa wa mayai ni kazi ya makampuni ya uzalishaji. Koo kadhaa hutunzwa kando kando, kisha huchanganywa kwa mpangilio maalumu ili kumpata mtetea mmoja wa kwenda kwa mfugaji. Anataga mayai 300 na zaidi kwa mwaka, ameondolewa karibu kabisa tabia ya kuatamia, na anadai chakula kamili kila siku.

Chotara ni mtoto wa damu mbili au zaidi. Kwetu jina hili limewakaa zaidi Kuroiler kutoka India na Sasso kutoka Ufaransa, ingawa kwa haki kabisa jogoo yeyote wa kigeni akipanda mtetea wa kienyeji, watoto wao ni chotara.

Halafu kuna aina safi. Hawa ni kuku ambao ukiwapandisha wao kwa wao, watoto hufanana na wazazi kwa rangi, kwa umbo, na kwa kiasi kikubwa kwa uwezo. Australorp yuko hapa. Wapo wanaomweka kwenye fungu la chotara kwa kuwa anauzwa banda moja na Sasso, na wapo wanaomhesabu kienyeji kwa kuwa anazurura na yai lake halina weupe wa karatasi. Kote huko si kwake.

Tofauti ya aina safi na chotara inaeleweka upesi kwa yeyote aliyewahi kupanda mahindi. Ukinunua mbegu chotara dukani, msimu wa kwanza shamba linasimama sawasawa, mahindi yanalingana. Ukiweka akiba ya mbegu kutoka shamba hilohilo na kuipanda tena, msimu wa pili unapata mrefu na mfupi, mnene na mwembamba, na magunia yanapungua. Mbegu ya asili haina ukorofi huo. Unaweza kuihifadhi mwenyewe mwaka hadi mwaka. Kuroiler na Sasso wako upande wa mbegu ya dukani. Australorp yuko upande wa mbegu ya kuhifadhi, na kwa mfugaji mdogo sioni sifa yake inayoizidi hiyo, hata mayai yenyewe.

Alikotoka

Mwaka 1886, katika mji wa Orpington, mkoa wa Kent, Uingereza, mfugaji aitwaye William Cook alimtoa kuku mweusi aliyemchanganya kutoka Minorca, Langshan na Plymouth Rock. Alitaka kuku mmoja anayefaa kwa nyama na mayai, na akampa jina la mji wake. Kuku huyo akasafirishwa hadi Australia, na hapo historia ikagawanyika njia mbili. Waingereza walimpeleka kwenye maonyesho: wakachagua mwenye manyoya mengi, mwili wa duara, sura ya kupendeza. Mayai yakapungua kadiri manyoya yalivyoongezeka. Waaustralia walikuwa na shida nyingine. Walitaka mayai, wakaendelea kuchagua watagaji na kuwaongezea damu ya kuku wengine wenye sifa hiyo. Baada ya miaka michache yule wa Australia hakufanana tena na ndugu yake wa Uingereza, ikabidi apewe jina lake mwenyewe. Marekani ilimtambua rasmi kama aina mwaka 1929.

Kilichompa sifa ni mashindano ya kutaga, ambayo enzi hizo yalifuatiliwa kwa shauku. Kuku waliwekwa kwenye mabanda ya majaribio mwaka mzima, kila yai likiandikwa. Mwaka 1922 hadi 1923, kundi la mitetea sita wa Australorp lilitaga mayai 1,857 kwa siku 365. Ukigawanya kwa sita unapata 309.5 kwa kila mmoja. Baadaye mtetea mmoja wa aina hiyohiyo aliandikiwa mayai 364 kwa siku 365. Zile "300 kwa mwaka" za kwenye matangazo yetu zina shina lake hapa: ni namba ya kweli, iliyotoka kwa kuku waliochaguliwa kwa shindano, wakalishwa na kutunzwa kwa ajili ya shindano. Kumwambia mfugaji wa Mbozi kwamba ataipata kwa pumba na kuachia banda wazi ni sawa na kumdanganya, hata kama namba yenyewe haikubuniwa.

Malawi inaingiaje? Serikali ya nchi hiyo ilimchagua Black Australorp kuwa kuku wa kuboresha ufugaji wa vijijini. Kwa miongo kadhaa vifaranga waliokwisha kukuzwa kidogo waligawiwa na kuuzwa kwa wakulima kutoka kituo cha mifugo cha Mikolongwe, kusini mwa nchi, hata Wamalawi wenyewe wakazoea kumwita Mikolongwe. Lengo halikuwa kila kijiji kiwe na kuku safi. Jogoo mweusi aliingizwa katikati ya mitetea ya kienyeji ili watoto wapate mwili na mayai zaidi kutoka kwa baba, na ugumu wa maisha kutoka kwa mama. Malawi inapakana nasi kwa Mbeya, Songwe na Ruvuma, na kwetu kuku huyo akafahamika kwa jina la nchi aliyotokea, si nchi aliyozaliwa.

Australorp hajatumika Malawi peke yake. Afrika Kusini, kwenye miaka ya 1950, chuo cha kilimo cha Potchefstroom kilimtumia kama mmoja wa wazazi wa kuku anayeitwa Potchefstroom Koekoek, yule mwenye madoadoa ya mistari myeusi na myeupe. Huyo naye utamkuta sokoni ameitwa "Malawi wa madoa". Ni ndugu wa damu, lakini ni aina nyingine.

Kwa nini weusi unadanganya

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Rangi nyeusi ya Australorp inaamuliwa kwa kiasi kikubwa na kinasaba kimoja, tena chenye nguvu. Kifaranga akikipata kutoka kwa mzazi mmoja tu, inatosha: anatoka mweusi. Utagaji ni habari nyingine kabisa. Unategemea vinasaba vingi, kila kimoja kikichangia kidogo, na hakuna hata kimoja kinachoonekana kwa macho. Rangi inarithiwa kwa mkupuo. Mayai yanarithiwa kwa vipande vipande, na vipande vingine vinabaki njiani.

Sasa fikiria mtu mwenye jogoo mmoja wa Malawi, halisi kabisa, na mitetea kumi ya kienyeji ya rangi mbalimbali. Vifaranga watakaoanguliwa karibu wote watakuwa weusi. Damu yao ni nusu. Wengine, hasa majogoo, wataonyesha miali ya dhahabu au wekundu shingoni wakikua, ila wakiwa na wiki nne wote ni "Malawi". Jogoo mmoja katika hao akipanda mitetea mingine ya kienyeji, nusu ya watoto watakuwa weusi tena, na sasa wamebaki na robo ya damu. Muuzaji anawatenga weusi na kuwauza kwa jina la babu yao. Wa rangi nyingine wanaishia kwenye supu. Rudia mara moja zaidi. Kizazi cha tatu tu, na kuku mwenye sehemu moja kati ya nane ya damu ya Australorp bado ni mweusi tii.

Huyu muuzaji si lazima awe tapeli. Wengi kwa kweli wanaamini wanachokisema, kwa kuwa walimnunua jogoo akiwa Malawi, na watoto wametoka weusi kama yeye. Lakini mnunuzi wa kuku huyo wa kizazi cha tatu amelipia mayai 200 na kupata kuku wa mayai 60 mwenye rangi nzuri.

Kuna jambo la kuwatetea wale wa nusu damu. Mara nyingi ni kuku wazuri sana kwa mazingira ya kijijini. Wanataga kuliko mama zao, wana mwili, wanajua kukimbia mwewe, na baadhi yao bado wanaatamia. Ndiyo kazi hasa waliyokusudiwa kule Mikolongwe. Kosa linakuja wanapouzwa kama mbegu, maana wao ndio mahindi ya msimu wa kwanza. Ukiwapandisha wao kwa wao, kila kifaranga anatoka na lake.

Ukiwa na kuku mkononi

Mkague hivi. Mnyanyue, mpindue kidogo, anza na miguu. Australorp ana ngozi nyeupe, kwa hiyo unyayo wake ni mweupe au wa waridi hafifu, ingawa mguu wenyewe kwa juu ni wa kijivu kizito, karibu na mweusi kwa kuku mdogo na uliofifia kwa mzee. Unyayo wa njano ni ushahidi mzito: huyu ana damu nyingine, na ameirithi pande zote mbili, baba na mama. Zingatia kwamba ushahidi huu ni wa upande mmoja. Unyayo mweupe haukuhakikishii kwamba ni safi, kwa sababu hata nusu damu anaweza kuwa nao. Unyayo wa njano unakuhakikishia kwamba si safi. Kuku mweusi wa Kimarekani aitwaye Jersey Giant pia ana unyayo wa njano, lakini hilo ni la wachache. Hapa kwetu njano hiyo karibu daima ni ya kienyeji.

Mguu wa Australorp hauna manyoya. Ukikuta vinyoya vinateremka kuelekea vidoleni, kuna damu nyingine.

Panda kichwani. Jicho liwe la kahawia iliyokolea hadi jeusi. Jicho la rangi ya chungwa linatia shaka. Upanga uwe mmoja, uliosimama, wenye meno matano hadi saba. Kinyama cha sikioni kiwe chekundu. Kikiwa cheupe, kuna babu mwingine alipita hapo. Kisha msogeze juani. Manyoya yake hung'aa kijani, kama mgongo wa mbawakawa, na weusi ambao haung'ai hata kidogo au wenye miali ya dhahabu shingoni haumfai mtu anayetafuta mbegu.

Kwa kifaranga wa siku moja, mgongo huwa mweusi, tumbo lina weupe au njano hafifu, na ncha za mabawa zina weupe pia. Watu wengi huwakataa wakidhani wamechanganywa. Hapana, hiyo ndiyo sare yao. Weupe huo unaondoka manyoya yanapobadilika.

Uzito nao unasaidia. Mtetea aliyekomaa anafika karibu kilo 3, jogoo karibu kilo 4, wakati kienyeji wengi wako chini sana ya hapo. Mtetea mweusi aliyekwisha kuanza kutaga na bado ni wa kilo moja na nusu, jina lake litafutwe kwingine.

Na kama unataka kujua anataga sasa hivi, pitisha vidole katikati ya mifupa miwili myembamba iliyo karibu na sehemu ya haja. Vikipita viwili au vitatu, na sehemu hiyo ni pana, laini na yenye unyevu, yai linatoka siku hizi. Kikipita kimoja kwa shida, ama hajaanza ama amesimama. Wachuuzi wazoefu hufanya hivi huku wanaongea na simu.

Mayai 300 yako wapi?

Tuseme umepata Australorp safi, hakuna shaka. Alianza kutaga akiwa na miezi mitano au sita. Kwa nini hafiki namba ya tangazo?

Anza na ganda. Ganda la yai moja lina takribani gramu 2 za madini ya kalsiamu. Kuku anayetaga karibu kila siku lazima apate kiasi hicho kila siku, na ziada, kwa sababu si yote anayokula inaingia kwenye yai. Kwenye uwanja ulioparurwa na kuku miaka kumi hakuna kalsiamu hiyo. Akiikosa, anaazima kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe kwa muda, mayai yanatoka na ganda laini, kisha anafunga duka. Ndiyo maana mfugaji anayejua kazi haachi chokaa ya mifugo au magamba ya konokono yaliyopondwa yakose bandani.

Protini ni vilevile. Kuku mtagaji wa mwili huu anahitaji gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku, chenye protini ya asilimia 16 au 17. Pumba ya mahindi peke yake haifiki hapo. Lazima dagaa, mashudu ya alizeti au soya viingie. Kienyeji mwenye mayai 50 kwa mwaka anaweza kujikimu kwa kumbikumbi na mabaki ya ugali kwa kuwa anadaiwa kidogo. Australorp anadaiwa mara nne. Ukimpa chakula cha kienyeji atakupa mayai karibu na ya kienyeji, na hapo atakuwa hajakuvunjia ahadi yoyote.

La tatu ni mwanga, na hili halitajwi kabisa kwenye matangazo. Mwili wa kuku unasoma urefu wa mchana ili kuamua kutaga. Wafugaji wa kuku wa mayai hulenga saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku. Sisi tuko karibu na Ikweta. Mchana wetu ni karibu saa 12, Januari hadi Desemba. Faida yake ni kwamba kuku wetu hawasimami kutaga kwa ajili ya majira ya baridi kali kama wa nchi za mbali. Hasara ni kwamba bila taa hawapati ile nyongeza. Balbu moja inayowashwa kwa muda wa saa mbili au tatu kabla ya mapambazuko inabadilisha hesabu, mradi chakula nacho kimeongezwa. Kuwasha taa kwa kuku mwenye njaa ni kumchosha bure.

Weka na umri. Mwaka wa kwanza wa kutaga ndio bora. Wa pili unashuka, na kati ya miaka hiyo miwili kuku hupukutisha manyoya na kupumzika wiki kadhaa. Mwenye kuku wa miaka mitatu akilalamika kwamba Malawi wameisha nguvu, ni kweli, wamezeeka.

Kwa hiyo namba ya kuishi nayo ni ipi? Aliye bandani, amechanjwa, analishwa sawasawa, mayai 200 hadi 250 kwa mwaka ni matarajio ya heshima. Anayezurura na kuongezewa konzi ya paraza jioni atashuka sana chini ya hapo, na hakuna mtu mwaminifu anayeweza kukutajia namba moja, kwa sababu inategemea anaokota nini huko nje.

Maneno ya mtaani, haraka haraka

Kuku huyu mweusi hatagi yai jeusi wala la kahawia iliyokolea. Australorp anataga yai la kahawia hafifu, la ukubwa wa wastani hadi mkubwa. Rangi ya ganda inatokana na ukoo wa kuku na haina uhusiano na virutubisho vilivyomo ndani. Kiini cha njano nacho kinatokana na alichokula: mahindi ya njano, majani, mchicha. Mfungie Australorp umlishe pumba ya mahindi meupe tupu, kiini kitapauka kama cha kuku mwingine yeyote.

Nyama yake si nyeusi. Kuku wenye nyama na mifupa myeusi wapo duniani, kama Kadaknath wa India, lakini huyu ngozi yake ni nyeupe na supu yake ni ya kawaida. Wanaomuuza kwa bei ya dawa wamechanganya mambo. Na kwa upande mwingine wapo wanaomkwepa kwa sababu kuku mweusi anawakumbusha mganga. Nimesikia wauzaji wakisema kuna wateja hununua asubuhi mapema ili majirani wasiulize maswali.

Kwamba haugui: si kweli, na imani hii imeua mabanda mengi. Mdondo, yaani kideri, hauulizi ukoo. Chanjo ya I-2 inayotengenezwa hapa nchini inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, hutolewa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Australorp asiyechanjwa anakufa sambamba na kienyeji wa jirani. Tena kwa mwili wake mzito na manyoya meusi, jua la Pwani au Dodoma linamwelemea. Kivuli na maji ya kunywa mchana kutwa si anasa kwake.

Na je, yai lake ni "yai la kienyeji"? Hapa nina msimamo. Mnunuzi anayeuliza yai la kienyeji mara nyingi anauliza kuku alivyoishi na alichokula, sio ukoo wake. Kama Australorp wako anatembea, anaparura, anakula majani na wadudu, sioni dhambi kuliuza hivyo ukimwambia mteja ukweli kwamba kuku ni Malawi. Kama amefungiwa na analishwa chakula cha dukani, liite yai la Malawi, basi.

Ukitaka kuzalisha mwenyewe

Kwa kuwa ni aina safi, unaweza kujitegemea, tofauti na mwenye Sasso anayelazimika kurudi kwa muuza vifaranga kila mara. Unahitaji jogoo mmoja kwa mitetea wanane hadi kumi, na mayai ya kuangulisha yachukuliwe kwa wale wanaotaga vizuri kweli, hata kama si warembo zaidi. Wafugaji wengi hufanya kinyume: mayai ya mtagaji hodari yanauzwa kila siku kwa sababu yapo, na yanayobaki kwa kuangulisha ni ya yule anayetaga kidogo na kuatamia. Miaka mitatu ya hivyo inaua ukoo kimyakimya.

Australorp mwenyewe huatamia mara moja moja, usimtegemee. Kama huna mashine ya kutotolea, mpe kazi hiyo mtetea wa kienyeji, ndiye fundi wake. Mayai ya Malawi ni makubwa kuliko yake, kwa hiyo mwekee kumi au kumi na mawili ili yote yafunikwe. Yasikae zaidi ya siku saba hadi kumi kabla ya kuatamiwa, yawekwe mahali pa ubaridi, ncha kali ikiwa chini. Usiku wa siku ya saba mulika kila moja kwa tochi ya simu gizani: lenye mbegu linaonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kutoka doa moja, lisilo na mbegu linapitisha mwanga lote sawasawa. Hilo la pili litoe.

Jogoo abadilishwe kabla hajaanza kupanda binti zake, na mbadala wake atoke kwa mfugaji mwingine ambaye kuku wake hawana undugu na wako. Hapa ndipo ule ukaguzi wa unyayo, jicho na sikio unapolipa, maana jogoo mmoja mchafu anaharibu vifaranga wote wa msimu. Na ukienda kumnunua, usitosheke na jogoo mwenyewe. Omba kuonyeshwa mama zake, na uulize kila mmoja ametaga mangapi mwezi uliopita. Muuzaji mwenye daftari atalifungua.